Penye Shaka: Jinsi Kiingereza na Kigiriki Vinavyolisema Jambo Lisilo na Uhakika

Mwezi Machi 1951 shirika la ujasusi la Marekani, CIA, liliwapelekea wakubwa wa Washington tathmini kuhusu Yugoslavia. Tito, kiongozi wa nchi hiyo, alikuwa amekosana na Stalin tangu 1948, na swali lilikuwa moja: je, majirani wa kambi ya Kisovyeti wataivamia nchi yake mwaka huo? Waandishi walipima taarifa walizokuwa nazo, wakakubaliana, kisha wakaandika kwamba shambulio lihesabiwe kuwa "serious possibility". Siku chache baadaye ofisa mkubwa wa Wizara ya Mambo ya Nje akamuuliza Sherman Kent, mmoja wa waliosimamia kazi hiyo, maneno hayo mawili yalikuwa na uzito gani hasa. Kent, mwanahistoria aliyefundisha Yale kabla ya kuingia kwenye ujasusi, alijibu kwamba kwa upande wake ilikuwa kama 65 kwa 35, shambulio likiwa ndilo lenye fungu kubwa. Ofisa yule alishtuka. Yeye na wenzake walikuwa wameyasoma maneno yaleyale wakaona uwezekano mdogo kuliko huo kwa mbali.

Kent alirudi kwa wenzake na kuwauliza mmoja mmoja, walewale walioipitisha sentensi bila kupinga. Mmoja alikuwa na 80 kwa 20 kichwani. Mwingine alikuwa na 20 kwa 80. Waliobaki walitawanyika katikati. Kundi zima lilikuwa limekubali sentensi moja, na kila mtu alikuwa na maana yake.

Shambulio halikutokea. Mwaka 1964 Kent aliandika makala kuhusu mkasa huo, akapendekeza jedwali: "probable" iwe asilimia 75, ongeza au punguza 12; "almost certain" iwe asilimia 93, ongeza au punguza 6. Waliolipenda jedwali aliwaita wanahisabati. Waliolikataa, kwa kuona kwamba lugha haifungwi kwa namba, aliwaita washairi.

Mhadhara huu hauhusu ujasusi. Unahusu ile nafasi ambayo lugha humpa mtu asiyejua, na unazitazama lugha mbili zilizoishi nyumba moja kwa muda mrefu: Kiingereza na Kigiriki. Hoja yake ni kwamba kila mtu anaweza kutilia shaka kwa lugha yoyote, lakini sarufi ya kila lugha humwekea msemaji mtego mahali pake. Mtego wa Mwingereza haupo pale alipo wa Mgiriki.

Kiingereza kina ukoo mdogo wa vitenzi visaidizi vinavyobeba sehemu kubwa ya mzigo wa shaka: "may", "might", "can", "could", "must", "should", "will", "would". Ni vitenzi vya ajabu. Havichukui "s" ya nafsi ya tatu kama wenzao, na katika Kiingereza sanifu viwili havikai pamoja, ingawa huko Uskoti na kusini mwa Marekani watu husema "might could" bila wasiwasi wowote. La ajabu zaidi ni kwamba hakuna hata kimoja kilichozaliwa kwa kazi ya kukisia. Katika Kiingereza cha kale "may" ilikuwa na maana ya kuwa na nguvu, na ndugu yake, nomino "might", hadi leo ni nguvu. "Can" ilitoka kwenye kujua: aliyejua kuogelea ndiye aliyeweza. "Must" ilitoka kwenye ruhusa, "shall" kwenye deni, "will" kwenye kutaka. Kukisia kulikuja baadaye, kukaingia kama mpangaji kwenye nyumba zilizokwisha kujengwa.

Wenye nyumba hawakuhama. Ndiyo maana mtu akisema "They may leave at six", msikilizaji hana njia ya kujua, kwa sentensi pekee, kama wageni wamepewa ruhusa ya kuondoka saa kumi na mbili au kama msemaji anabahatisha tu. "He must be at home" inaweza kuwa amri ya mahakama kwa mtu aliyepewa dhamana, na inaweza kuwa kauli ya jirani aliyeona taa inawaka. Mazungumzo ya kawaida huvuka salama kwa sababu sauti, uso na mahali husaidia. Maandishi hayana uso. Sheria za nchi zilizorithi Kiingereza zimelazimika kuweka ulinzi: Tanzania ina Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, na kifungu cha 53 kinaeleza kwamba penye "may" ya kutoa mamlaka mhusika ana hiari, na penye "shall" kazi ni lazima ifanyike. Bunge linapolazimika kutunga kifungu kizima kwa ajili ya maneno mawili mafupi, hayo maneno yana kesi ya kujibu.

Sasa Kigiriki. Msomaji wa Kiswahili ana bahati ndogo hapa, kwa kuwa sauti tatu zinazowatesa wageni wengi, yaani th, dh na gh, anazo tayari. Maneno ya Kigiriki cha leo yataandikwa humu yanavyosikika. Kitenzi cha kuweza ni "boro". Asili yake ni "evporo" ya zamani, kuwa na njia, kuwa na uwezo wa mali. Kinyume chake ni "aporia", kukosa njia, neno ambalo wanafalsafa walilifanya la kukwama kwa akili na ambalo mwalimu wa Athens leo hulitumia akimaliza somo, anapouliza kama kuna mwenye maswali. Kitenzi "boro" hunyambulika kwa nafsi zote kama kitenzi kingine chochote: "boro", naweza, "boris", unaweza, "borun", wanaweza.

Mgiriki anapokisia, hata hivyo, hufanya jambo ambalo Mwingereza hawezi kulifanya. Huichukua nafsi ya tatu umoja, "bori", na kuigandisha. Haijali tena mtendaji ni nani au ni wangapi. "Borun na fighun" ni kwamba wanaweza kuondoka, wana uwezo au wameruhusiwa. "Bori na fighun" ni kwamba huenda wakaondoka. Kitenzi cha kuondoka kiko katika wingi, lakini "bori" imesimama peke yake katika umoja. Haimsemi yeyote kati yao. Inalisema jambo zima. Mwenye kuweza si mtu, ni hali.

Yeyote anayetaka kuuona mpaka huo, kati ya kuweza na kuwezekana, ukifanya kazi asiende mbali. Afungue boksi la dawa lililonunuliwa Ugiriki, ndani yake atakuta karatasi iliyokunjwa mara nyingi. Ugiriki iliingia katika Jumuiya ya Ulaya tarehe 1 Januari 1981, na tangu hapo sheria na maelezo ya Ulaya hutolewa kwa Kigiriki pia, yakiwa na nguvu ileile ya Kiingereza. Karatasi za dawa za Ulaya hupanga madhara kwa makundi, kutoka yanayotokea sana hadi ya nadra sana. Kwa madhara ya kawaida, karatasi ya Kiingereza husema "may affect up to 1 in 10 people". Ya Kigiriki husema "bori na epireasun", kisha hesabu ileile ya mtu mmoja kati ya kumi. Madhara ni mengi, kitenzi cha kuathiri kiko katika wingi, na "bori" imebaki katika umoja wake uliogandishwa. Mgonjwa wa Thessaloniki hawezi kudhani kwamba kichefuchefu kimepewa kibali.

Kisha mtu afungue agizo lolote la Umoja wa Ulaya kuhusu, tuseme, usafirishaji wa mifugo. Kiingereza husema "Member States may", neno lilelile la kwenye karatasi ya dawa. Kigiriki husema "borun na", wingi, kwa kuwa sasa nchi wanachama zinapewa hiari na hiari lazima iwe na mwenyewe. Mfasiri anayetoka Kiingereza kwenda Kigiriki hulazimika, kila anapokutana na "may", kuamua amesimama upande gani wa mto. Akikosea, nchi iliyopewa ruhusa itasomeka kama nchi inayodhaniwa tu kwamba itafanya kitu.

Mpaka wenyewe una matundu. Mgiriki anaposema kwamba dawa fulani "borun na" kusababisha usingizi, kwa wingi, anazungumzia tabia ya dawa hizo kwa jumla, kile zilicho na uwezo wa kufanya, na hapo kuweza na kuwezekana hukaribiana sana. Lakini kwa makisio ya tukio moja, kama vile wageni wale wameondoka au bado, "bori" iliyoganda ndiyo inayotawala.

Kiswahili, kwa kiasi, kinakaa upande wa Kigiriki. "Wanaweza kuondoka" ina watu ndani yake. "Inawezekana wameondoka" haina mtu, ina jambo. Kuna mazoea yanayokua magazetini ya kuandika "waziri anaweza kujiuzulu" kwa maana ya "huenda waziri akajiuzulu", na chanzo chake si kigumu kukibahatisha: chumba cha habari kinachotafsiri "may" kwa haraka. Msomaji mkorofi anaweza kuuliza waziri alikuwa amezuiwa na nani.

Isidhaniwe basi kwamba Wagiriki wamemaliza tatizo. Walilolitatua kwenye kuwezekana wameliacha wazi kwenye lazima. Neno lao la lazima ni "prepi", na "prepi" imeganda siku zote, iwe ya wajibu au ya makisio. "Prepi na ine spiti" inaweza kuwa kwamba anatakiwa awe nyumbani, na inaweza kuwa kwamba bila shaka yuko nyumbani. Yaani ule mtego wa "must" wa Kiingereza umehamia Athens bila kubadilika hata kidogo. Kinachookoa ni wakati. Kitenzi kinachofuata kikiwa cha wakati uliopita, wajibu hufutika, kwa sababu hakuna anayeweza kumwamuru mtu afanye kitu jana: "prepi na fiyi", lazima aondoke, "prepi na efiye", lazima atakuwa ameondoka. Kiingereza hufanya hivyohivyo kwa kuchomeka "have". Njia mbili tofauti, lakini mantiki ni moja.

Hiyo "atakuwa ameondoka" iliyotumika hapo juu inastahili kusimama kidogo. Kigiriki kina "tha", alama ya wakati ujao, iliyotokana na "thelo ina", nataka kwamba, iliyosagika karne baada ya karne hadi ikabaki silabi moja. Kiingereza kina "will", ambayo nayo ilikuwa kutaka. Na wanaisimu wengi huihusisha "-ta-" ya Kiswahili na kitenzi "taka". Lugha tatu zisizoazimana katika hili zimejenga kesho kwa kutaka, kisha zote tatu zikaitumia kesho hiyo kukisia mambo ya jana na ya leo. Mtu anagonga mlango, hakuna jibu: Mwingereza husema "he'll have left", Mgiriki husema "tha efiye", Mswahili husema "atakuwa ameondoka". Hakuna hata mmoja anayezungumzia wakati ujao. Wanachokisema ni kwamba ukweli haujathibitishwa bado, na ukithibitishwa utakuwa huo. Ni moja ya sehemu nzuri kuliko zote katika sarufi ya lugha hizi, na vitabu vingi vya shule huipita bila kuitaja.

Mtego mkubwa zaidi, hata hivyo, uko kwenye kikanushi. "Members may not vote" ni katazo au ni tahadhari? Wanachama hawaruhusiwi kupiga kura, au huenda wasipige? Kwa mdomo msemaji hukaza sauti kwenye neno moja au jingine. Kwenye karatasi "not" imekaa katikati na haisemi inakanusha kipi: kuwezekana, au kupiga kura. Kigiriki kina vikanushi viwili, "dhen" na "min", na kila kimoja kina makao yake. "Dhen bori na irthe": haiwezekani amekuja. "Bori na min irthe": huenda hakuja. Kikanushi cha kwanza kiko nje ya mlango, cha pili kiko ndani, na hakuna namna ya kuvichanganya.

Ni vigumu kuamini kwamba ni bahati tu kwamba mtu wa kwanza kuliandikia jambo hili kwa utaratibu alikuwa msemaji wa Kigiriki. Katika karne ya 4 kabla ya Kristo, Aristotle, kwenye kitabu kinachojulikana kwa jina la Kilatini De Interpretatione, alitumia sura mbili, ya 12 na ya 13, kuonyesha kwamba kinyume cha "inawezekana kiwe" si "inawezekana kisiwe". Hizo mbili zinaweza kuwa kweli kwa pamoja: kitu kinachoweza kukatwa kinaweza pia kisikatwe. Kinyume halisi ni "haiwezekani kiwe". Leo yanasikika mepesi. Lakini mtu akijaribu kuyaandika kwa "may not" pekee atakwama sentensi ya kwanza.

Katika kitabu hichohicho, sura ya 9, umo mfano uliowashughulisha wanafalsafa tangu hapo: vita vya majini vya kesho. Ni lazima kesho ama vita viwepo ama visiwepo. Hata hivyo, Aristotle anasema, haifuati kwamba ni lazima viwepo, wala kwamba ni lazima visiwepo. Neno "lazima" limeifunga sentensi nzima bila kuzifunga sehemu zake. Waislamu na Wakristo wa zama za kati walibishana sana juu ya ukurasa huo, kwa kuwa ulitia mkono kwenye suala la kadari, na Al-Farabi ni mmoja wa walioufafanua kwa Kiarabu.

Wagiriki wa kale walikuwa na chombo ambacho wajukuu wao wamekipoteza. Kitenzi chao kilikuwa na umbo maalumu, optativu, lililoanza kama umbo la matamanio na ambalo likifuatana na kijineno "an" lilisema kile ambacho kingeweza kuwa. Plato, anaposimulia utetezi wa Sokrate mbele ya mahakama ya Athens mwaka 399 kabla ya Kristo, humfanya mzee huyo azitaje hoja za wapinzani kwa kurundika alama tatu za shaka katika pumzi moja: neno la labda, kijineno "an", na kitenzi katika optativu. Adabu na dhihaka ziko pamoja hapo. Lakini maumbo mengi kiasi hicho ni mzigo kwa lugha iliyosambaa kutoka Misri hadi mipaka ya India. Katika Agano Jipya lote optativu imebaki takriban mara 70 tu, nyingine zikiwa misemo iliyoganda, na Kigiriki cha leo hakina tena umbo hilo. Kazi yake imegawanywa kati ya "bori", "tha" na "isos", yaani labda.

Mahali pamoja Kiingereza nacho kilikuwa na chombo safi, na sasa kinakipoteza. Mtoto ameanguka mtoni. "He may have drowned": hatujui yu hai au la, anatafutwa. "He might have drowned": kwa desturi ya zamani, alinusurika, lakini palikuwa pabaya. Tofauti ni ya kufa na kupona, na kwa miongo kadhaa magazeti ya Uingereza yamekuwa yakiyachanganya mawili hayo, huku wahariri wazee wakilalamika kwamba mtoto aliyekwisha kufika nyumbani anaandikwa kana kwamba wazamiaji bado wako kazini. Mgiriki hachanganyi: "bori na pniyike" kwa yule anayetafutwa, "tha boruse na ihe pniyi" kwa aliyeokolewa. Kiswahili nacho kimeyatenganisha mbali kabisa, "huenda amezama" na "angezama", na ni mtu asiyekijua tu angeweka moja mahali pa jingine.

Shaka pia ni adabu. Mwingereza anayetaka dirisha lifungwe huanza mbali, kwa "could you possibly", kana kwamba anauliza habari za misuli ya mwenzake. Mgiriki ana neno dogo la kazi hiyo, "mipos", la kufungulia swali ambalo muulizaji hataki lionekane kama dai: "mipos" una kiberiti, "mipos" umemwona Yorgos. Kwenye duka la vyuma na kwenye ofisi ya kodi ndilo linalosikika kwanza. Na kwa kukataa bila kuudhi wana "malon ohi", ambayo kwa neno ni "zaidi siyo"; aliyealikwa arusi akijibu hivyo, mwenye arusi apunguze sahani moja.

Hiyo "malon" inafikisha kwenye suala la viwango, lile lililomtesa Kent. Kigiriki kina ngazi ya maneno: "isos" chini, "pithanon" juu kidogo, "malon" karibu na kilele. "Isos" ya zamani ilitokana na neno la usawa, kana kwamba mizani imelala sawa pande zote mbili. Mwenzake wa kale, "takha", lilitokana na wepesi: jambo la haraka likawa jambo la labda. Agano Jipya lina "isos" mara moja tu, katika Injili ya Luka, na "takha" mara mbili, katika barua ya Paulo kwa Warumi na ile kwa Filemoni. Watafsiri wa Biblia ya Mfalme James ya 1611 waliyakuta hayo matatu, wakalipa kila moja vazi lake: "it may be", "peradventure", "perhaps". Kwa uchache "takha" moja imetoka na sura mbili. Kiingereza kilikuwa na maneno mengi ya shaka kuliko kilivyokuwa na viwango vyake, na hali hiyo haijabadilika.

Wanasayansi wamechagua njia ya Kent. Jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi, IPCC, limeyafunga maneno yake kwa namba: katika ripoti zake "likely" ni zaidi ya asilimia 66, "very likely" ni zaidi ya 90. Mwaka 2009 mwanasaikolojia David Budescu na wenzake walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba wasomaji wa kawaida huyavuta maneno hayo kuelekea katikati. Jambo ambalo wanasayansi wamelihakikisha kwa zaidi ya tisa kwa kumi, msomaji hulipokea kama linaloegemea upande mmoja tu. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania nayo, katika tahadhari zake za mvua kubwa na upepo mkali, huweka mstari wa uwezekano wa kutokea na mstari wa kiwango cha athari, mara nyingi kila mmoja ukiwa na neno "wastani". Ni utaratibu mzuri kuliko kusema tu mvua zinaweza kunyesha. Lakini mvuvi wa Kilwa anayesoma "wastani" mara mbili kwenye simu yake hana jedwali la Kent mfukoni.

Limebaki neno "pithanon", na hilo lina safari ndefu kuliko yote.

Mwaka 155 kabla ya Kristo Athens ilitozwa faini ya talanta 500 kwa kuupora mji wa Oropos. Ikatuma Roma wanafalsafa watatu kuomba ipunguziwe. Mmoja alikuwa Karneade wa Kirene, mkuu wa Akademia, shule ya falsafa ya Athens. Inasimuliwa kwamba akiwa huko alitoa mhadhara siku moja kuitetea haki, na kesho yake akatoa mwingine kuibomoa, vijana wa Kirumi wakasisimka, na seneta Cato mzee akataka wageni hao wamaliziwe shughuli yao haraka warudi kwao. Karneade hakuwa mchezaji wa maneno tu. Alifundisha kwamba binadamu hawezi kufikia yakini, lakini si kila shaka ni sawa: ziko taswira zinazoshawishi zaidi ya nyingine, na mtu akizichunguza vizuri anaweza kuongoza maisha yake kwazo. Kile kinachoshawishi alikiita "pithanon". Wanafalsafa wa mrengo mwingine, wafuasi wa Pirho, walimwona amelegeza kamba mno. Sextus Empiricus aliandika kwamba kwao "takha", labda, daima hubeba ndani yake labda sivyo, bila upande mmoja kuuzidi mwingine.

Karibu karne moja baadaye mwandishi wa Kirumi Cicero, akitafuta neno la Kilatini la "pithanon", alichagua "probabile". Kutoka hapo Kiingereza kikapata "probable", kwa kupitia Kifaransa. Mahakama za Uingereza zikalifanya kipimo cha kesi za madai: mwaka 1947 Jaji Alfred Denning alieleza kwamba inatosha mahakama ione kuwa jambo lina uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa kweli kuliko kutokuwa. Wakati huo Cyprus ilikuwa koloni la Uingereza, kama Kenya, na kanuni za Kiingereza za ushahidi zilitumika Nicosia kama zilivyotumika Nairobi. Baada ya uhuru wa 1960 katiba ya Cyprus ilizitaja Kigiriki na Kituruki kuwa lugha rasmi, lakini Kiingereza kiliendelea kutumika mahakamani hadi miaka ya 1980. Majaji walipohamia Kigiriki walihitaji jina la kipimo kile cha Kiingereza, na leo hukumu zao husema "isoziyio ton pithanotiton". Neno la Karneade limerudi kwa wenyewe baada ya kupita Roma na London, likiwa limefuatana na "isos" ya mizani iliyolala sawa.

Tanzania iko kwenye kazi hiyohiyo sasa. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama, na wafasiri wa hukumu wanakutana kila siku na kipimo cha Denning. "Mizania ya uwezekano" ndiyo tafsiri inayosikika. Ugumu wake ni kwamba Kiingereza kina "possibility" na "probability", Kigiriki kina "dhinatotita" na "pithanotita", ilhali "uwezekano" wa Kiswahili hufanya kazi ya vyote viwili. Jambo lenye nafasi moja katika mia lina uwezekano. Lenye nafasi tisini pia lina uwezekano. Mdai wa shamba akisomewa kwamba ameshinda kwa mizania ya uwezekano, hasikii kwamba ushahidi wake umepita nusu. Na wakili anayejua kazi yake, anapomweleza nje ya chumba cha mahakama, huacha neno la hukumu na kumwambia kwamba jaji ameona maelezo yake yana uzito kuliko ya mwenzake.